Zipu

Saltanat, mkalimani, alituonya ndani ya teksi:
msimkimbilie, msimbebe, msilie mbele yake.
Nje ni nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri.
Pumzi ya Garazi iliganda kwenye kope
kabla hajamaliza swali.

Miaka minne tulikuwa tukijiandaa:
mihuri, alama za vidole,
barua ya daktari kwamba moyo wangu mzima,
barua ya padri asiyenijua vizuri.
Chumba tulikipaka rangi mara mbili.
Tulibeba mwanasesere mwenye nywele za sufu;
kumbe anatisha.

Mlango ukafunguka. Kabichi na klorini.
Togjan, miezi ishirini na sita,
kichwa kimenyolewa, soksi hazifanani,
mkono wake mkononi mwa mlezi Raushan.
Akatutazama
kama mtu anavyomtazama msoma mita ya umeme.

Siku ya kwanza alikaa nyuma ya Raushan.
Siku ya pili, nyuma ya kiti.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe:
sisi ya tatu tulipewa kijiko.
Garazi akachota uji, akapuliza, akanyoosha mkono.
Mdomo ukafungwa kama sefu.
Na mimi, fundi kufuli wa Tolosa,
niliyefungulia wajane milango saa nane za usiku,
nilikaa sakafuni bila hata bisibisi.

Usiku tuligombana, kwa sauti ya chini,
maana kuta za chumba cha kupanga ni nyembamba.
Wewe hujaribu, alisema.
Wewe unajaribu mno, nikasema.
Kisha tukala tambi tumesimama.

Siku ya sita nilisahau kuvua koti.
Akasogea. Si kwangu. Kwenye zipu.
Akaishusha. Akaipandisha. Tena. Tena.
Nusu saa nzima nilifungwa na kufunguliwa,
nisithubutu kumeza mate.
Ilipokwama kwenye bitana
akaniinulia macho kwa mara ya kwanza,
akasema: Dai.
Kwa Kirusi ni “nipe”, alieleza Saltanat.
Nikampa kidole; hakukitaka.
Nikaikwamua zipu. Hapo akaniwia radhi.

Siku ya tisa Garazi alikuta ndani ya soksi ya mtoto
kipande cha mkate, kikavu kama kokoto.
Hakukitupa. Alikirudisha, akaivuta soksi juu.
Kesho yake alikuja na mkate wetu,
nusu akaula, nusu akautia kwenye soksi yake mwenyewe.
Togjan alitazama, akafikiri,
kisha akainama kupapasa kifundo cha mguu wa Garazi
kuhakikisha kama bado upo.

Wasemao damu ni nzito kuliko maji
hawajauona mto Tobol mwezi wa Februari.
Niliuona kutoka dirisha la mahakama,
hakimu akitafuta miwani yake:
maji matupu, maji yale yale ya kunywa,
na lori la maziwa linakatiza juu yake
taratibu, taa zikiwaka.

Siku ya kuondoka alimlilia Raushan.
Teksi nzima, ngazi zote, ghorofa tatu.
Raushan! mpaka jina likakauka.
Hatukumwambia anyamaze.
Kilio kile kilikuwa na mwenyewe,
na hakuwa mmoja wetu.

Sasa ni saa tisa usiku.
Amelala kati yetu, kwa upande,
miguu kwenye mbavu za Garazi.
Kila baada ya muda anashtuka, ananung'unika: dai.
Dai, namjibu gizani. Dai, mwanangu.
Chumba kina joto la tanuri ya mikate,
jasho linanitiririka mgongoni,
nami nimelala na koti,
kwa kuwa zipu imo ngumini mwake.