Saa Kumi na Dakika Kumi

Tartu. Theluji imeziba nusu ya dirisha.
Leelo anahamisha seva arobaini
kutoka kwa mtambo mkongwe
uliozipigia hodi kila nusu saa,
kwenda kwa huu mpya, mkimya hadi uitwe.

Faili nyingi zinahama bila kinyongo.
Mstari mmoja unagoma:
ya kumi na saba izimwe, iwashwe,
saa kumi na dakika kumi alfajiri.
Pembeni, mkono wa Urmas, miaka tisa nyuma:
"Usiguse. Saa hiyo niko macho, mtoto analia."

Urmas yuko Pärnu siku hizi.
Mtoto anacheza hoki.

Leelo anaufuta,
anamalizia chai iliyopoa,
anaurudisha.
Mtambo mpya unakagua, unajibu:
mabadiliko, sifuri.