Siku Tano za Kuonja

Saa nane usiku, Kijitonyama, feni inanung'unika,
nahesabu majina ya tovuti yaliyoandikishwa leo:
elfu kumi na moja, mia nne na sita.
Mwandikishaji mmoja.
Siku ya tano atayarudisha, arudishiwe chake chote,
siku ya sita atayachukua tena,
kama mtu anayenunua shati kila Ijumaa
na Jumatatu analirudisha dukani lina jasho.

Humo limo jina la Bi Mwanaidi wa Magomeni,
mshona mapazia.
Jumanne aliuliza kama li wazi. Nikamwambia, li wazi.
"Basi ngoja nipate zamu yangu ya kikoba."
Alhamisi karudi, pesa kazifunga kwenye leso,
jina lina mtu,
lina matangazo ya mikopo na dawa ya kitambi.
"Nani huyo anayenishinda kwa mapazia?"
Hashoni, mama. Hana hata sindano.

Mama yangu mzazi aliuza tende Mtaa wa Mkunguni.
"Onja kwanza" ndiyo ilikuwa salamu yake.
Mwezi wa Shabani akazuka bwana mmoja:
meza hii moja, meza ile moja,
akashiba mtaa mzima bila kununua robo kilo.
Mama hakugomba. Aliweka kopo tupu la maziwa:
"Ya kwanza ya Mungu. Ya pili shilingi kumi,
na shilingi hairudi."
Bwana yule akahamia kwenye karanga.

Asubuhi, kikaoni, nilisema hayo hayo, ila tende sikuzitaja.
Aliyekosea herufi asamehewe
(Bwana Kilewo aliandikisha "hotlei", miwani ilikuwa nyumbani);
kumi katika mia zirudi bure,
zaidi ya hapo kila jina liache ada mlangoni.
Mhasibu akacheka: "Mia tano? Hiyo si ada, ni nauli."
Nikamwambia, zidisha kwa elfu kumi na moja.
Akazidisha.
Akafuta, akazidisha tena.

Mwezi umepita. Jana usiku: majina mia mbili na tatu,
na kila moja lina mwenyewe.
Nikampigia Bi Mwanaidi, jina lako limerudi.
"La nini sasa," cherehani inamkata maneno,
"nimeshaandika jingine ukutani, rangi ya mafuta.
Hilo halirudishwi."
Cherehani ikasimama.
"Kwani ni bei gani?"