Pingamizi

Jina langu limebandikwa ubaoni, ofisi ya wilaya,
ubavuni mwa jina la Detlef.
Siku ishirini na moja: mwenye pingamizi aseme.

Ngamiani washasema yao.
Shangazi Mwanakheri keshalipia kanga za sare,
doti arobaini.

"Talaka iko njiani," Detlef huniambia,
kama mtu aliyeagiza tairi la baiskeli.

Lakini mkewe, huko Bremen,
atausomaje ubao wa Tanga?
Nani atamfasiria?

Siku ya kumi na tisa nikapanda ngazi zile.
Karani, bila kuinua macho:
"Umeleta cheti chake?"
"Sikuleta."
Nikaomba kalamu.

Kwenye nafasi ya mpingaji
nikaandika jina langu,
kwa mwandiko ule ule
wa fomu ya kwanza.