Ukurasa Uliofungiwa Bagia

Bagia zilikwisha kabla sijavuka reli.
Mkononi ukabaki ukurasa umelowa mafuta:
Mambo ya kufanya kiangazi, kisiwani, Bahari ya Kati.
Picha ya nyumba nyeupe kama meno ya mtoto,
na mwanamke mwenye kofia pana kuliko ungo.

Nikaukunja, nikautia mfukoni.
Maana nilikuwa na likizo, jamani,
siku saba, za kwanza tangu nianze kuhesabu
magunia ya watu wengine pale bandarini,
na sikujua likizo huanzia wapi,
kichwani au miguuni.

Kodi pikipiki, uzunguke kisiwa.
Mimi nina Foniksi, breki zake ni soli za viatu vyangu.
Nikaizunguka Ngamiani, barabara ya kwanza
niende hadi ya ishirini na moja,
na kwenye ya kumi na nne
shemeji Semhando akanisimamisha:
“Umefukuzwa kazi?”
“Niko likizo.”
“Basi njoo unishikie ngazi.”
Mchana kutwa nilishika ngazi.

Tazama jua likizama baharini.
Hapo walituonea. Jua letu hutoka baharini,
huenda kuzama nyuma yetu, Muheza huko, kwenye machungwa.
Nikakaa ufukweni nimeipa bahari mgongo,
wapita njia wakinipa pole,
wakidhani nimefiwa.

Tembelea kisiwa kidogo cha jirani.
Toten kipo pale, karibu hivyo,
ukipiga chafya kunguru wake wanakuombea afya.
Miaka arobaini na sita nakiona, sijakikanyaga.
Mwenye mtumbwi akataja bei ya mgeni.
Nikamjibu kwa Kidigo, bei ikashuka.
Lakini tulipomaliza kuvutana
maji nayo yalikuwa yameshuka.

Nambari ya sita imemezwa na doa la mafuta.
Nimeiwazia sana hiyo ya sita.

Onja zaituni.
Nikacheka peke yangu, barazani.
Zaituni ni mke wangu. Muuguzi, Bombo, wodi ya wazazi,
wiki hiyo zamu ya usiku.
Mimi naamka, yeye anavua viatu;
mimi nalala, yeye anatafuta mtandio.
Miaka kumi na tisa ya ndoa
tunapishana mlangoni kama kufuli na ufunguo
vilivyotundikwa misumari miwili.

Siku ya saba nikamngoja nje ya geti,
saa moja asubuhi, kipupwe kinauma masikio,
chupa ya chai, machungwa,
mkate wa ajemi ndani ya kanga yake mwenyewe.
“Kuna nini? Nani kafa?”
“Hakuna. Panda.”
“Na sare hii?”
“Panda.”

Tukateremka kwenda Raskazone, yeye nyuma,
kichwa chake kizito mgongoni mwangu,
ananisimulia: mapacha, saa nane usiku,
wa pili katoka amekunja ngumi
kama aliyeshika nauli.

Nikamsomea. Ogelea kabla watu hawajaamka.
Akavua soksi. Akaingia hadi magotini,
sare kaikusanya kwa mkono mmoja,
akapiga yowe la baridi
ambalo tangu tuoane sikuwahi kulisikia,
wala sikujua limo ndani yake.
Kisha akarudi, akaketi,
akala chungwa moja na nusu.

Nusu ya pili ilikuwa mkononi alipolala.
Chini ya ukurasa, palipochanika, paliandikwa:
Lala mchana bila aibu, kila mtu kisiwani hula
na hapo karatasi imekatika.

Jua lilishapanda. Nikamfunika uso kwa ukurasa ule,
upande usio na mafuta,
ukawa unainuka na kushuka kwa pumzi yake,
nyumba nyeupe zote, na yule wa kofia.
Nikafukuza sisimizi kwenye chungwa.
Kesho, magunia.