Kilo Mbili za Kikapu

Mimi ni fundi wa nyuzi. Kampala hii
piano zilizo hai nazijua kwa kikohozi:
ile ya shule, mchwa wamemaliza mguu wa kushoto,
ile ya balozi asiyecheza,
na ile ya hoteli ya Kololo, kando ya lifti,
nilipomkuta Kabatalya.

Alilipwa kwa usiku, pamoja na chakula cha wafanyakazi.
Wageni walimjia, bia mkononi:
"Dada, tuimbie basi. Maneno yako wapi?"
"Baba aliyamaliza," alijibu, vidole havikusimama.

Kibao kimoja kilikuwa kimekufa,
cha tatu kulia kwa tundu la ufunguo.
Ukibonyeza kinashuka, kimya,
kama jina linaloitwa daftarini na mwenyewe hayupo.
Nikafungua kisanduku cha zana.
Akanishika kifundo cha mkono: "Hicho kiache."

Fundi kuambiwa aache!
Nilinuna wiki mbili.

Siku moja, tukila rolex barabarani, mafuta yakitiririka kwenye gazeti,
akanieleza. Rwaheru, baba yake,
alikuwa karani wa mizani
katika shamba la chai nje ya Fort Portal.
Saa kumi wachumaji wanapanga foleni,
mvua ya Rwenzori imewaingia shingoni,
ndoano inaning'inia, mshale unatetemeka.
"Ishirini na mbili!" anaita,
na kalamu inaandika ishirini.
Kilo mbili za kikapu.
Kikapu chenyewe hakikufika hata nusu,
kila mtu alijua,
hata mtoto aliyeketi juu ya magunia akihesabu:
sauti, kimya, kalamu.
Sauti, kimya, kalamu.
"Na ada yangu ya kinanda," alisema,
akafuta vidole kimoja kimoja, asimalize.

Washairi wana mizani yao, nane kwa nane.
Ya kwake ina ndoano.

Albamu ya kwanza tuliirekodi Ntinda, usiku;
jenereta ya jirani inanguruma katika kipande cha nne
mpaka leo. Nakala mia tatu,
mia mbili ziko chini ya kitanda cha dada yake.
Redio walisema nzuri, itafaa
kujaza nafasi kabla ya taarifa ya habari.
Akatunga muziki wa tangazo la sabuni,
wa filamu ya vyandarua,
wa harusi moja ambayo bwana harusi alitoroka na deni lake.
Kisha Kigali. Kisha Bergen,
akanipigia simu akilalama:
piano za huku zote nzima!
Akifika pale, anainua kidole juu ya kibao kile,
anakirudisha mapajani.
"Magazeti yanaandika kwamba ni falsafa," akacheka
mpaka salio likakatika.

Mwaka jana tulipanda Fort Portal,
piano ndani ya lori, imevikwa magodoro.
Nilikaza kila waya. Na ule pia. Sikuomba ruhusa.
Mstari wa mbele aliwakalisha wachumaji wa zamani;
Kyarisiima, vidole vimepinda kama tangawizi,
alishasinzia kwenye kipande cha pili.
Rwaheru alikaa nyuma, karibu na mlango, kofia magotini.

Kipande cha mwisho. Sauti, kimya. Sauti, kimya.
Nilikuwa nimeizoea ile pengo
kama ulimi unavyozoea jino lililong'oka.
Mara akakibonyeza.
Akangoja ife yenyewe, ukumbini.
Akakibonyeza tena.

Basi. Akafunga mfuniko.

Rwaheru alivaa kofia akiwa bado ndani.
Kyarisiima aliamshwa na makofi, akamwendea:
"Abwooli, wewe ndiye uliyekuwa juu ya magunia.
Ulikuwa na kikohozi kibaya."
Akauliza kama soda ni ya bure.

Usiku paa la ukumbi lilivuja.
Asubuhi nikijaribu vibao kabla ya kufunga magodoro,
kile cha tatu kilikuwa kimeanza kulegea.
Ufunguo ulikuwa mfukoni.
Nilisimama pale muda mrefu kuliko kazi yenyewe,
dereva akipiga honi.