Hesabu ya Detlef

Jumanne, saa mbili na robo, Gelsenkirchen:
Detlef anachukua namba, mia na kumi na saba.
Mgodi ulifungwa; mapafu yake bado yako zamu.

Karani ni kijana mpole, mezani ana ua la plastiki.
"Umetuma maombi mangapi?"
Kumi na mawili.
"Majibu?"
Mawili. Moja lilianza: Mpendwa Bibi.

Jana duka la mikate limempa kazi,
alfajiri, kwa muda wa saa tatu tu.
Akakaa na kalamu:
euro ikiingia mkono wa kulia,
serikali inachomoa senti themanini wa kushoto.
Akacheka peke yake.
Nauli yenyewe haitoki.

Akaenda hivyo hivyo.
Miaka tisa
hajapata mtu wa kumwambia,
"Umechelewa."