Si ya Kunywa

Chupa ilikuwa ya dawa ya kikohozi:
hilo ndilo kosa letu.
Ndani, mafuta ya mkaratusi wa Heru Juu.
Matone mawili, beseni, maji yafukayo,
khanga kichwani. Fumba macho, mama.
Na kifua chake kikafunguka
kama mlango uliovimba masika.

Scola hapakwi. Ana miezi minane.
Mgongo wangu, sawa, ila kwanza
kijiko kizima cha mise, tone moja tu;
matupu yanababua.

Jana Gwasa alijiletea kijiko,
akaachama kama kinda.
Nilimpokonya chupa, mikono ikinitetemeka.

Leo nimebandua karatasi, nimebandika plasta,
nimeandika: SI YA KUNYWA.
Kisha nikakumbuka hajui kusoma.

Nimeipandisha juu ya boriti.
Gwasa yuko chini, kijiko mkononi,
anahesabu matofali ya ukuta.